Jina Ambalo Mama Minza Halitaji

Siku ya kwanza kazini niliambiwa nisiguse mashine. Nilikuwa nimevaa viatu vya dada yangu na nimeshika cheti cha kupiga chapa, ambacho nilikipata katika darasa la jioni la parokia. Karani Mkuu wa ile ofisi ya wanunuzi wa pamba alikitazama cheti upande wa mbele na wa nyuma, akakirudisha. Kisha akanitupia faili nene la nakala za barua zilizokwisha kutumwa.

"Soma," akasema.

"Nisome mpaka wapi, mzee?"

"Mpaka uone aibu."

"Aibu ya nini?"

"Ya barua mbovu. Siku utakayoona aibu bila kuonyeshwa, nitakupa mashine."

Zote zilikuwa za Kiingereza, kwa kuwa mashine za kuchambulia pamba zilitoka ng'ambo na vipuri vyake viliagizwa huko. Kiingereza changu kilikuwa cha kidato cha pili, na hicho cha pili chenyewe sikukimaliza. Sikufukuzwa shule wala sikushindwa mtihani. Nilichoka kukaa sehemu moja nikitazama dirishani, nikaondoka. Baba yangu, Mjita wa kando ya ziwa huko Mara, mvuvi na mkulima, alinifuata mpaka stendi ya mabasi, akaona nilivyokaza uso, akaninunulia miwa ya safarini.

Mchana ule nilikuta barua moja iliyomwamuru muuza vipuri wa Ulaya ajibu haraka, tena bila kukosa. Nikaona aibu. Nikampelekea Karani Mkuu.

"Huyu aliyeiandika alikuwa mkali sana?" nikauliza.

Akacheka. "Huyo? Alikuwa mpole kuliko sisi wote. Asubuhi anasalimia mpaka mlinzi na mke wa mlinzi. Lakini Kiingereza alikisikia kwa mabwana wa zamani, na hao walikuwa hawaombi kitu, wanaamuru tu. Akadhani ndiyo lugha yenyewe." Akaondoa kifuniko cha mashine. "Haya, kaa hapa."

Naandika haya kwa ajili yenu vijana mnaoingia maofisini sasa, mniambie kama kazi yetu bado mnaitambua. Nitapitia vituo vyangu kwa ufupi, maana ninachotaka kufika ni barua ya mwisho niliyoiandika, ya mtoto Minza, aliyezaliwa na tundu kwenye moyo. Barua ile ingempatia nafasi ya kupasuliwa au ingempotezea.

Zamani barua ilianza na rasimu, yaani maandishi ya kwanza ya mkono. Mkubwa akiisahihisha ndipo unapiga chapa, na katikati ya karatasi mbili unaweka kaboni ili upate nakala. Ukikosea neno moja chini kabisa ya ukurasa, unaanza upya. Ndiyo maana tulilipima kila neno kabla ya kuligusa. Karani Mkuu alikuwa akisimama nyuma yangu na kuuliza, "Hilo neno ungelimwambia mtu uso kwa uso?" Nikisema hapana, analikata kwa penseli nyekundu.

Pamba ilipoyumba nikahamia bandarini kwa Afisa Mizigo, mzee mmoja aliyependa barua fupi kama mkia wa mbuzi. Kwake nilijifunza vyeo. Alisema mtu ukikosea jina lake na cheo chake, hayo mengine yote atayasoma amekunja uso. Nikakaa misimu michache, nikaondoka. Nilikuwa na tabia hiyo. Nikishajua jinsi mahali panavyoendeshwa, miguu huanza kuniwasha. Niliuza dagaa. Nikasafiri na wapimaji wa barabara nikiwapikia, kwa sababu nilitaka kujua ile darubini yao inaona nini. Nikarudi Mwanza, nikapata kazi kiwanda cha samaki upande wa Ilemela, na huko wenzangu wakanipa jina la Gugumaji, lile gugu linaloelea ziwani. Walisema upepo ukigeuka, sipo tena.

Meneja Mauzo wa kiwanda alikuwa mama wa Kihaya, mrefu, asiyependa kupandisha sauti. Siku moja mzigo wa minofu ya sangara ulifika Ulaya umelainika, mnunuzi akaandika kwa hasira. Nikampelekea rasimu ya majibu ambamo kijana wa chumba cha baridi alitajwa kwa jina kwamba amezembea.

"Mtoe huyo," Meneja akasema.

"Lakini ndiye aliyeacha mlango wazi, mama."

"Andika mlango uliachwa wazi. Kiingereza cha ofisi kinakuruhusu kulitaja kosa na kumwacha mkosaji nyumbani kwake. Mnunuzi anataka samaki wazuri, hataki kichwa cha mtoto wa watu."

Nikaanza kuipenda hila hiyo. Wiki iliyofuata nikaitumia kwenye barua nyingine, kuficha kwamba sisi wenyewe tulichelewa. Meneja akanirudishia. "Hapa siyo," akasema. "Ile ilikuwa kumsitiri mtu. Hii ni kumdanganya mtu. Maneno ni yaleyale, lakini siyo kazi ileile."

Kutoka kiwandani nilifungua meza yangu Nyamagana, chini ya ngazi za jengo lenye maduka ya simu. Mashine ya chapa niliibadilisha kwa kompyuta, ila wateja hawakubadilika. Wengi walikuja na barua kichwani, na kila barua ilianza na salamu: hujambo, watoto hawajambo, mvua huko imenyesha? Wakiniona nimeanza na jambo lenyewe walinuna. "Dada, mbona umemwingilia mtu bila hodi?" Nilitumia miaka kuwaeleza kwamba shikamoo kwa Kiingereza haiandikiki, inakaa kwenye mpangilio. Jina sahihi la unayemwandikia ndiyo hodi. Shida yako kuitaja mapema ndiyo heshima, kwa sababu humpotezei muda. Shukrani unaziweka mwishoni, fupi. Wengine walielewa. Mzee mmoja alisema, "Basi Wazungu wanasalimiana wakati wa kuondoka," na mpaka leo sijapata maelezo mazuri kuliko hayo.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa hospitali ndogo ng'ambo ya ghuba, upande wa Sengerema, ambayo jina lake nitaliacha. Nilienda kwa kazi ya muda, na kwa mara ya kwanza miguu haikuniwasha. Labda ni umri. Bosi wangu alikuwa Katibu wa Hospitali, kijana niliyempita kwa umri wa mama na mwana, mwenye shahada na mwenye subira. Aliniamkia kila asubuhi, kisha akanirudishia rasimu zangu zimejaa wino. Tulielewana vizuri sana.

Minza alikuja hapo mgongoni kwa mama yake, ingawa alikuwa na umri wa kutembea na kukimbia. Akipiga hatua chache midomo inageuka rangi, anachuchumaa apumzike. Baba yake alikwisha kufariki. Mama alibaki kwa wakwe zake, familia ya Kisukuma ya wafugaji na wakulima, mwendo mrefu kutoka barabarani. Daktari wetu akawaandikia madaktari wa nje wanaopasua watoto bila malipo. Wakajibu kwamba nafasi ipo moja, ila kwanza wazungumze na mama kwenye kompyuta, wajue kwa kinywa chake kwamba familia imekubali mtoto asafiri. Hilo wanalisisitiza, maana hawataki kumchukua mtoto ambaye ukoo haujamtoa.

Familia ilikuwa imekubali. Mkuu wake, baba mkwe wa mama Minza, alikubali kwa shingo upande. "Kumtuma mtoto kwa watu ambao hatujala kwao!" alimwambia Daktari. Lakini alikubali kwa mdomo, akasema dole gumba ataliweka kwenye karatasi siku nafasi ikithibitishwa.

Siku ya mazungumzo nilikaa pembeni ya mama Minza nikimtafsiria. Daktari wa nje, mama mwenye nywele nyeupe, aliuliza vizuri. Mtoto anakula? Analala? Nani atamsindikiza? Mama Minza alijibu yote.

"Na katika familia nani aliyekubali?"

"Baba."

"Baba wa mtoto si amefariki?"

"Baba wa pale nyumbani. Mkubwa wetu."

"Anaitwa nani?"

Mama Minza akatazama mikono yake. Daktari akauliza tena, taratibu. Mama Minza akavuta kanga kichwani. Mara ya tatu akageuza uso kabisa. Upande wa pili wa skrini watu wakatazamana. Mazungumzo yakafungwa kwa adabu, na kesho yake ikaja barua pepe: wana wasiwasi kuhusu ridhaa ya familia, wanaomba maelezo ya maandishi kabla ya Ijumaa, na wasipoyapata nafasi itabidi waipeleke kwa mtoto mwingine.

Sisi wa huku tulijua. Katika ukoo ule mke wa mwana hataji jina la baba mkwe, hata akiwa hayupo, hata akiwa amekufa. Lakini kulijua jambo na kuliandika kwa watu wasiokujua ni vitu viwili.

Katibu alikuwa ameanza rasimu. Mstari wa pili ulisema mama wa mtoto alikataa kumtaja mkuu wa familia kwa sababu za imani za jadi.

"Shikamoo mama. Unaonaje?" akaniuliza.

"Marahaba. Hilo 'alikataa' linanitisha. Kwa Kiingereza anayekataa ana jambo."

"Kweli. Na 'imani za jadi'?"

"Wataona kibuyu na manyoya."

Akakata yote mawili, akanisukumia karatasi. "Basi andika wewe. Mimi naona nimemfanya kama mtuhumiwa."

Nikaandika kwamba mila zake zinamkataza kulitaja jina. Niliona ni safi. Lakini nina desturi tangu Nyamagana: barua inayomhusu mtu haiendi kabla hajasomewa. Nikamwita mama Minza ofisini, naye akaja na mtoto, akakaa kwenye ukingo wa kiti.

"Umeniandikaje?" akauliza kabla sijafungua mdomo.

Nikamsomea kwa Kiswahili. Akasikiliza akiitikia kwa kichwa, mpaka nilipofika kwenye kukatazwa.

"Nani kanikataza?"

"Mila, mama Minza."

"Mila ni nani? Amekaa wapi?" Akamgeukia Katibu. "Mwanangu, wewe mke wako yupo?"

"Yupo, mama."

"Mama yake unamwita kwa jina?"

Katibu akacheka. "Siwezi."

"Umekatazwa na nani?"

"Hakuna mtu, mama."

"Basi," mama Minza akasema. "Na mimi ni hivyohivyo. Hakuna aliyenifunga kinywa. Yule mzee alinipokea mume wangu alipokufa, hakusema nirudi kwetu. Jina lake naliweka, silitupitupi. Andika hivyo. Mkiandika nimekatazwa, watanionea huruma, na mimi sijaomba huruma. Nimeomba mtoto apasuliwe."

Kwa hiyo tukaanza upya. Tuliandika kwamba katika familia yake mwanamke humheshimu baba wa mumewe kwa kutolitamka jina lake, kwamba yeye anaishika heshima hiyo kwa hiari, na kwamba ukimya wake siku ile ulikuwa jibu na haukuwa wasiwasi. Katibu ndiye aliyeongeza neno la mwisho kabisa, kwamba kwa watu wa huku ukimya wa namna ile ndio ushahidi kwamba mkuu wa familia anathaminiwa na neno lake limesikilizwa. Nikamwambia hapo ameandika kama mtu aliyezaliwa bandarini kwa Afisa Mizigo, yule mzee wa vyeo. Hakuelewa, lakini alifurahi.

Likabaki jina lenyewe. Lilitakiwa, na litoke upande wa familia. Mimi au Katibu tungeliweka kutoka kwenye kadi ya mzee, ila ingekuwa tena hospitali inaisemea familia.

"Si mmuulize Minza?" mama yake akasema. "Yeye ni mjukuu. Anaruhusiwa."

Mtoto alikuwa chini akichorachora kwa kalamu ya Katibu.

"Minza, babu yako anaitwa nani?"

Akalitaja jina, na la baba yake babu, na la utani ambalo lilimfanya mama yake azibe masikio huku akicheka. Jina hilo hapa sitaliandika, kwa kuwa najua mama Minza atasomewa haya.

"Wewe hujui adabu," mama yake akamwambia. "Unamtaja mzee hivyo!"

"Ni mume wangu!" Minza akajibu. "Mimi ndiye mke mkubwa. Bibi ni mdogo, anipikie."

Vidole vyangu vilikuwa tayari kwenye kompyuta. Nilikuwa na mazoea ya kuandika kila ninachosikia, nikisafisha baadaye. Katibu akaruka kutoka kitini kwake.

"Mama! Hilo usiandike!"

"Lipi?"

"La mume! Likivuka maji hilo, hatutapata operesheni, tutapata polisi!"

Tulicheka mpaka muuguzi akaja kuchungulia. Mama Minza alihitaji kuelezwa, na alipoelewa kwamba huko ng'ambo babu hataniwi na mjukuu kuwa ni mumewe, alisikitika kweli. "Sasa wanacheka na nani, wazee wao?" akauliza. Tukaandika tu kwamba jina limetolewa na mgonjwa mwenyewe, mjukuu wake, ambaye kwa desturi ya familia yuko huru kulitamka. Kisha tukampa mama Minza salamu tatu za mwisho achague moja. Akachagua ile fupi kuliko zote.

"Hiyo haina kujikombakomba," akasema.

Barua ikaenda Alhamisi. Ijumaa hawakujibu, Jumatatu hawakujibu. Mwisho wa mwezi ule ulikuwa mwisho wangu wa kazi. Walinipikia pilau, Katibu akasoma hotuba, nikapewa vitenge. Niliondoka nikiwa sijui kama tumempatia mtoto nafasi au tumempotezea kwa maneno mengi.

Nyumbani kwangu, juu ya mawe ya Ilemela, nilikuwa na muda wa kuwaza, kitu ambacho sikukizoea. Vijana wa jirani huja kunionyesha barua za Kiingereza zilizoandikwa na simu kwa kupepesa jicho. Ni safi. Sijawahi kuandika safi namna ile, na siwezi kuwadanganya kwamba zetu zilikuwa bora. Mashine inajua kuomba, inajua kusikitika, inajua kushukuru. Huwauliza jambo moja tu: huyu unayemtaja humu, umemsomea? Wengi hawajamsomea. Nawarudisha wakamsomee. Kuna mmoja alirudi amekasirika, barua yote imebidi ibadilike. Nikamwambia karibu kazini.

Kwa umri huu naona adabu ya Kiingereza haikunishinda, ila ilinichukua muda kujua inakaa wapi. Miaka mingi niliitafuta kwenye maneno makubwa, yale ya heshima kuu na utumishi mtiifu yaliyokuwa mwishoni mwa barua za zamani. Sikuikuta humo. Aliyenionyesha inakokaa ni mwanamke asiyejua hata neno moja la Kiingereza, naye hakuwa akinifundisha. Alikuwa akimtafutia mtoto wake daktari.

Asubuhi moja Katibu akanipigia simu. "Shikamoo mama. Jibu limekuja. Mzee yupo hapa, hataki asomewe na mtu mwingine. Anamtaka yule aliyeandika."

Nikavuka ghuba kwa kivuko cha asubuhi. Katika ofisi yangu ya zamani walikuwa wamejaa: mama Minza kasimama nyuma ya mlango, upande ambao hatazamani na mkwewe, Minza kapakatwa na babu yake, na mzee mwenyewe, kofia mkononi, mguu mmoja umenyooka. Mezani palikuwa na fomu ya ridhaa na kidau cha wino wa dole gumba. Katibu akaninong'oneza kwamba nafasi imepatikana, lakini mzee tangu afike hajaisogelea fomu. Amesema hawajui hao watu.

Nikamsomea sentensi moja kwa Kiingereza, moja kwa Kiswahili, na mama Minza akitia Kisukuma pale ambapo Kiswahili changu hakikutosha. Wanashukuru kwa maelezo. Wameelewa. Nafasi ni ya Minza. Mama yake atasafiri naye na atalala chumba kimoja naye. Na mwisho: tafadhali mfikishie mkuu wa familia yenu heshima zetu, na umwambie tutamrudisha mtoto mikononi mwake.

Mzee akanyoosha mkono, nikampa karatasi. Hakujua kusoma, ila jina lake la kwenye kadi alilijua umbo lake, kama anavyojua chapa ya ng'ombe wake. Akalitafuta kwenye mistari yote kwa kidole, juu mpaka chini.

"Jina langu wameliandika wapi?"

"Hawakuliandika, baba."

"Hawalijui?"

"Wanalijua. Tuliwatumia."

"Na hawakulitaja?"

"Hata mara moja."

Akamtazama mama Minza pale nyuma ya mlango, naye akatazama chini. Akanitazama mimi. Kisha akamhamishia mjukuu goti la pili, akajivuta karibu na meza.

"Kumbe ni wakwe," akasema. "Mtu humpa mkwe mtoto. Leteni huo wino."